Sindano Ilifika Wapi?

Ndani ya kichupa cha plastiki chenye fomalini zinaelea nyuzi nne nyeupe. Hakuna uliozidi sentimita mbili kwa urefu, na unene wake ni wa tambi. Dakika kumi zilizopita zilikuwa ndani ya titi la mama aliyelala kitandani, mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa, jeli ya ultrasaundi ikimteleza ubavuni. Daktari alimchoma ganzi, akachanja ngozi kiasi cha kupitisha sindano, akamtahadharisha: "Mama, sasa utasikia mlio kama wa stepla. Usishtuke." Tak! Ukalia mara nne. Sasa muuguzi anaandika jina, tarehe na saa kwenye kichupa, na mwenzake amembonyeza mama pamba pale palipochomwa ili damu isivilie ndani. Tangu saa hiyo familia nzima itakuwa inasubiri nyuzi hizo ziseme.

Wagonjwa wetu wanakiita kipimo cha kinyama, madaktari wanakiita biopsi. Karibu kila saratani inathibitishwa kwa njia hiyo, na magonjwa mengi ya figo, ini na ngozi pia. Lakini nyuzi nne za tambi zinawezaje kulisemea titi zima? Mpishi angejibu kwamba inategemea kilichomo sufuriani. Uji unauchota popote, kijiko kimoja kinatosha kukuambia kama sukari imekolea. Pilau si hivyo. Unaweza kuchota kijiko cha wali mtupu ukaapa kwamba sufuria haikutiwa nyama.

Mwilini kuna magonjwa ya uji na magonjwa ya pilau. Mafuta yanapojaa kwenye ini, au chujio za figo zinapovimba, ugonjwa umeenea karibu kila mahali, na kipande chochote kizuri kitatoa habari. Uvimbe uko mahali pamoja, na hata ndani yake kuna sehemu hai, sehemu iliyooza na sehemu ya kovu tu. Kwa hiyo majibu ya kinyama yanapaswa kusomwa kwa sharti moja ambalo halichapwi kwenye karatasi: ni majibu ya pale sindano ilipofika. Aina zote za biopsi, na mashine zote za picha zinazoiongoza, zimebuniwa kwa sababu ya sharti hilo.

Zamani za kupapasa

Jina biopsi lilitungwa mwaka 1879 na Ernest Besnier, daktari Mfaransa wa magonjwa ya ngozi. Haishangazi kwamba mtu wa ngozi ndiye aliyelitoa, kwa kuwa ngozi inaonekana na anayekata anajua anakata nini. Shida ilikuwa kwa viungo vya ndani. Paul Ehrlich alichoma ini kwa sindano mwaka 1883, akitafuta sukari iliyohifadhiwa humo. Mwaka 1951, huko Copenhagen, Denmark, Poul Iversen na Claus Brun walichapisha njia yao ya kuchoma figo mgonjwa akiwa ameketi. Mwaka 1958 Mtaliano Giorgio Menghini akaja na sindano yake ya ini, iliyosifika kwa sababu ndani ya ini ilikaa sekunde moja tu. Daktari aligonga ubavu kwa vidole kusikiliza wapi sauti ni nzito, akamwambia mgonjwa atoe pumzi aizuie, akaingiza na kutoa.

Kwa ugonjwa wa uji njia hiyo ilifanya kazi. Kipande cha ini kinachotoka kwa sindano ni kama sehemu moja ya 50,000 ya ini lote, na bado wataalamu waliweza kupima homa ya ini na makovu yake. Kwa uvimbe wa sentimita mbili ulioko kilindini, kupapasa kulikuwa kubahatisha.

Macho yalipatikana katika miaka ya 1970. Hans Henrik Holm na wenzake, huko huko Denmark, walianza kupitisha sindano kwa kufuata picha ya ultrasaundi. Mwaka 1976 John Haaga na Ralph Alfidi wa Cleveland, Marekani, walieleza jinsi ya kulenga kwa picha za CT, mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Mwaka 1982 Per Gunnar Lindgren wa Sweden akaiwekea sindano springi, na hapo ndipo ulipotoka ule mlio wa stepla. Kinyama kikaanza kukatwa kwa kufumba na kufumbua, na mkono mmoja wa daktari ukabaki huru kushika kifaa cha picha.

Ukindu na mkeka

Aina za biopsi ni nyingi kwa majina, lakini unaweza kuzipanga zote kwa kuuliza kinachotoka ni seli zilizoachana au ni tishu yenye mpangilio wake. Ukichomoa ukindu mmoja kwenye mkeka utajua umetiwa rangi gani, lakini nakshi ya mkeka hutaijua.

Sindano nyembamba hutoa ukindu. Ni sindano ya geji 22 hadi 25, na katika hesabu ya geji namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: geji 25 ina unene wa nusu milimita tu, kama ya chanjo. Huingizwa kwenye uvimbe, ikachezeshwa mbele na nyuma, seli zikapanda ndani ya tundu lake, kisha zikapakwa juu ya vioo na kutiwa rangi. Ni rahisi, haihitaji chumba cha upasuaji, na majibu yanaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Katika nchi zetu inafanya kazi kubwa kwenye matezi ya shingo. Kijana anakuja na tezi iliyovimba miezi mitatu. Tone la usaha lililovutwa kwa sindano linaweza kuonyesha vimelea vya kifua kikuu kwa darubini, na mashine ya GeneXpert, iliyozoeleka kwa makohozi, nayo inaweza kupima majimaji ya tezi. Kovu la kisu shingoni linaepukwa.

Mpaka wa sindano nyembamba unaonekana wazi kwenye rovu. Uvimbe mmoja wa tezi ya shingo unaweza kuwa wa kawaida na mwingine saratani, na seli zao zikafanana kama mapacha. Kinachowatofautisha ni kama seli zimetoboa ganda linalouzunguka uvimbe, na sindano nyembamba haileti ganda. Ndiyo maana mfumo wa Bethesda, unaogawa majibu ya rovu katika makundi sita, una kundi la katikati linalosema kwa adabu kwamba seli hizi pekee hazitoshi kuamua. Limfoma nayo ni hivyo hivyo. Sindano inaweza kuifanya ishukiwe, lakini kuijua ni ya aina gani mara nyingi huhitaji tezi nzima, kwa sababu aina inatambulika kwa namna seli zilivyojipanga.

Sindano nene hutoa kipande cha mkeka. Kwa titi hutumika geji 14, yenye unene wa takriban milimita mbili, na kwa figo, ini na tezi dume hutumika geji 16 hadi 18. Uzi unaotoka una mpangilio wake. Mtaalamu wa patholojia anaweza kuona kama saratani ya titi imevunja kuta za mirija ya maziwa au bado imefungiwa ndani, na nyama inabaki ya kutosha kupima vipokezi vya homoni na HER2, vipimo vinavyoamua dawa. Hii ndiyo sababu sindano nene imeichukua nafasi ya sindano nyembamba katika uvimbe mwingi wa titi. Pale vinapohitajika vipande vikubwa zaidi, kuna sindano inayofyonza. Hiyo huingia mara moja tu, ikazungushwa, na kila mzunguko ukanyonya kipande kipya.

Kwa uboho, sindano ngumu iliyotengenezwa na Khosrow Jamshidi hutobolewa kwenye mfupa wa nyonga upande wa nyuma. Huvutwa kwanza majimaji yenye seli, kisha hukatwa kijiti cha mfupa chenye mpangilio, ili ukindu na mkeka vipatikane kwa tundu moja.

Kisu kingali na kazi. Kwenye ngozi, kifaa cha mviringo kama kikata maandazi, chenye upana wa milimita nne hivi, hutoa kipande kinachofika hadi kwenye mafuta. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika eneo la hospitali ya KCMC kimejijengea jina kwa kuwahudumia watu wenye ualbino, ambao jua la kwetu huwaletea saratani za ngozi mapema. Kidonda cha mdomo au cha sikio kisichopona hupatiwa jina kwa kipande kidogo kama hicho. Doa linaloshukiwa kuwa melanoma ni tofauti. Linapowezekana hutolewa lote, kwa sababu kinachotabiri hatari ni kina chake, na kukwangua juu juu kunakipoteza kipimo hicho.

Kila jicho na upofu wake

Kati ya mashine zote zinazoongoza sindano, ultrasaundi ndiyo rafiki wa karibu. Haina mionzi, inabebeka, na picha yake inakwenda pamoja na mkono. Ila ina ujanja wake. Miale inayotoka kwenye kifaa ni kipande chembamba kama ubao uliosimamishwa, na sindano ikikengeuka milimita chache nje ya ubao huo inapotea machoni. Mwanafunzi anaona mstari mweupe unaong'aa na kudhani ameiona ncha, kumbe ameona kiwiliwili cha sindano na ncha imeshatangulia gizani. Kanuni ya kwanza anayofundishwa ni kutoisukuma sindano asiyoiona ncha yake. Anasimama, anainamisha kifaa kidogo, ncha inarudi, ndipo anaendelea.

Ultrasaundi haivuki hewa wala mfupa. Uvimbe ulio ndani ya pafu, au nyuma ya utumbo uliojaa gesi, haiuonyeshi. Hapo CT huchukua kazi. Yenyewe inaona vyote, lakini picha yake imeganda. Daktari anapiga picha, anasogeza sindano, anapiga nyingine, na kila picha ina mionzi yake. Pafu nalo halitulii, hivyo mgonjwa hufundishwa kuvuta pumzi ya kiasi kilekile kila mara, la sivyo uvimbe uliokuwa chini ya ubavu wa tano unahamia chini ya wa sita. Hatari ya njia hii inajulikana. Kwa sindano nene, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne huvujiwa na hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Wengi hupona kwa kuangaliwa tu, na kama mmoja kati ya ishirini huhitaji hatua zaidi, mara nyingi mpira wa kutoa hewa.

Eksirei ya matiti ina kitu chake inachokiona peke yake, chembe ndogo za chokaa ambazo zinaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani na ambazo ultrasaundi mara nyingi haizinasi. Kuzilenga ni hesabu. Titi hubanwa, zikapigwa picha mbili, moja kutoka digrii 15 upande huu na nyingine digrii 15 upande wa pili, kisha kompyuta ikakokotoa kina kutokana na jinsi chembe zilivyohama kati ya picha hizo. Kundi la Karolinska, Sweden, lilieleza mashine ya namna hii mwaka 1977. Hatua inayovutia zaidi huja baada ya kukata, vinyama vyenyewe vinapowekwa kwenye bamba na kupigwa eksirei. Chembe za chokaa zikionekana ndani yake, lengo limepatikana. Zisipoonekana, daktari anajua palepale kwamba amekosa, mgonjwa akiwa bado mezani. Kabla ya kutoka huacha alama ndogo ya titani ndani ya titi, ili atakayerudi apajue mahali.

MRI huongoza pale ambapo mashine nyingine zote hazikuona kitu. Chumba chake ni sumaku kubwa, hivyo sindano lazima iwe ya madini yasiyovutwa, na rangi inayoufanya uvimbe ung'ae kwenye titi hufifia baada ya dakika chache. Ni kazi ya kukimbizana na saa, tena ya gharama.

Macho mengine hupitia njia za asili za mwili. Mpira wa kamera wenye ultrasaundi kwenye ncha hupita koo hadi kwenye bomba la hewa, na sindano ikatoboa ukuta na kufikia matezi yaliyo katikati ya kifua. Mwingine wa aina hiyo husimama tumboni na kufikia kongosho. Kwenye mlango wa kizazi, jicho ni la bei nafuu kuliko yote: asidi ya siki iliyopunguzwa hadi asilimia 3 au 5, ambayo huipausha tishu isiyo ya kawaida ikawa nyeupe. Hans Hinselmann wa Ujerumani alileta darubini ya mlango wa kizazi mwaka 1925, na hadi leo kinyama hung'atwa kwa koleo pale palipopauka.

Pakiwa na macho mawili yanayoona kitu kimoja, madaktari huchagua lililo rahisi, na mara nyingi ni ultrasaundi. Jicho lolote litakalotumika, kwenye uvimbe mkubwa sindano hupelekwa pembeni penye uhai, kwa sababu katikati mara nyingi pameoza na palipooza hapana la kusimulia.

Tezi dume yafunza somo

Hakuna kiungo kilichoonyesha gharama ya kubahatisha kama tezi dume. Mwaka 1989 Kathryn Hodge na wenzake wa Stanford walionyesha kwamba kuchukua vipande sita kwa mpangilio maalumu kupitia njia ya haja kubwa kunanasa saratani zaidi kuliko kuchoma pale tu panaposhukiwa. Sita vikawa kumi na viwili. Ultrasaundi ilitumika, lakini kazi yake ilikuwa kuonyesha tezi ilipo, kwa maana saratani zenyewe mara nyingi haikuziona. Kwa lugha ya mpishi, walikuwa wanachota vijiko kumi na viwili vya pilau wakiomba nyama iwemo.

Matokeo yalikuwa hasara ya pande mbili. Saratani hatari iliyojificha mbele ya tezi ilikoswa, na saratani ndogo za wazee, ambazo zingelala hadi mwisho wa maisha bila kumsumbua mtu, zilinaswa na kuleta hofu na matibabu yasiyo ya lazima.

Utafiti uliopewa jina PRECISION, uliochapishwa mwaka 2018, uliwagawa wanaume 500 katika mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa kwa utaratibu wa zamani. La pili lilipigwa MRI kwanza, likachomwa pale tu picha ilipoonyesha shaka. Saratani yenye maana ilipatikana kwa asilimia 38 ya waliotanguliza picha, dhidi ya asilimia 26 ya wenzao. Saratani isiyo na madhara ilipatikana kwa asilimia 9 dhidi ya 22. Zaidi ya robo ya waliopigwa picha hawakuchomwa kabisa. Siku hizi pia madaktari wengi wanahamia njia ya ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ili sindano isibebe bakteria wa kinyesi hadi kwenye damu.

Wasiochomwa

Mitaani inasemwa kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Hofu hiyo ina chanzo chake. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, wanachukuliwa kinyama, na baada ya miezi michache wanazikwa, kwa hiyo msiba unahesabiwa juu ya sindano badala ya ule mwaka mzima uliotangulia. Seli kubaki kwenye njia ya sindano ni jambo la kweli, lakini ni adimu. Kwa saratani ya ini, majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliweka kiwango hicho kwenye asilimia 2.7 hivi. Kwa titi huwa na uzito mdogo zaidi, maana eneo hilo hilo litafanyiwa upasuaji au mionzi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo madaktari wenyewe wanasema usichome. Kwenye saratani ya jicho ya watoto wadogo, retinoblastoma, sindano inaweza kuitoa saratani nje ya jicho, kwa hiyo hutambuliwa kwa kutazamwa na kwa picha. Uvimbe wa korodani unaoshukiwa kuwa saratani hautobolewi kupitia pumbu, bali korodani hutolewa kwa njia ya kinena na uchunguzi ukafuata. Kwa mtu mwenye ini lililokakamaa, uvimbe unaong'aa rangi inapoingia kwenye mishipa ya ateri kisha ukafifia kuliko ini linalouzunguka unaweza kuitwa saratani kwa picha pekee, bila tone la damu kumwagika.

Kisha kuna saratani za mifupa na misuli, ambako kosa liko kwenye njia. Henry Mankin wa Boston na wenzake walichapisha mwaka 1982 mapitio ya wagonjwa 329, na asilimia 4.5 kati yao walikatwa kiungo bila ulazima kwa sababu kinyama kilichukuliwa vibaya. Njia ya sindano hutolewa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji. Ikipitishwa upande usiofaa, imechafua misuli ambayo ingeokoa mguu. Kwa hiyo anayechoma lazima kwanza azungumze na atakayepasua.

Safari ya kichupa

Sindano ikifika mahali pake, kinyama bado kinaweza kuharibika mikononi mwetu. Fomalini ya asilimia 10 inatakiwa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, na vinyama vya titi vinatakiwa vikae humo kati ya saa 6 na 72, la sivyo vipimo vya homoni haviaminiki. Anayeweka nyama kwenye maji ya chumvi kwa kuwa fomalini imeisha ameiacha ioze. Lakini anayetafuta vimelea vya kifua kikuu kwa kuviotesha atende kinyume, kwa kuwa fomalini inaviua, na maji ya chumvi safi ndiyo yatakayovifikisha hai. Kichupa huchaguliwa kabla ya sindano, kwa kufuata swali linaloulizwa.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu kubwa ya safari ya namna hiyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, akashuku kuna kirusi, na vinyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu ulifunga London na ndege ikatua Manchester. Kichupa kilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yametibuka, ishara ambayo kwa kawaida humaanisha bakteria na ndoo ya taka. Epstein aliweka tone chini ya darubini kwanza. Zilikuwa seli hai za uvimbe, zimejitenga na kuelea. Kutokana na seli hizo na darubini ya elektroni, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi ambacho leo kina majina ya Epstein na Barr.

Leo tatizo letu kubwa ni watu, kwa maana sindano zinapatikana. Wataalamu wa patholojia ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Wanaoweza kulenga uvimbe wa kilindini kwa picha walikuwa wachache zaidi, na mgonjwa mwenye uvimbe nyuma ya tumbo alipasuliwa tumbo zima ili kipatikane kinyama. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha shahada ya uzamili ya radiolojia tiba, na kuchukua vinyama kwa kuongozwa na picha ni miongoni mwa kazi zake za kila siku. Mgonjwa wa namna hiyo sasa anaweza kurudi nyumbani jioni ileile akiwa na plasta moja.

Kuna wanaotumaini kwamba damu itaifuta sindano. Vipande vya DNA ya saratani huelea kwenye damu, na mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha aina hiyo kwa ajili ya mabadiliko ya jeni la EGFR kwenye saratani ya pafu. Ni hatua kubwa. Lakini kipimo kikitoka kitupu, mgonjwa bado huambiwa apimwe kinyama, kwa kuwa huenda DNA haikumwagika ya kutosha. Sharti ni lile lile, ila badala ya sindano kutofika kwenye uvimbe, ni uvimbe ambao haukufika kwenye bomba la damu.

Karatasi na picha

Karatasi ya majibu inaweza kuleta moja kati ya kauli tatu. Ikisema saratani ipo, mara nyingi huaminika, na kazi inayobaki ni aina na hatua yake. Ikisema sampuli haitoshi, hilo si jibu, ni ombi la kurudia, na wengi huliweka kabatini wakidhani wamepona. Ya tatu inasema hakuna saratani, na hiyo ndiyo inayohitaji kusomwa kwa macho mawili. Ndiyo maana kwa titi kuna utaratibu wa mambo matatu, mkono wa daktari, picha na kinyama, na yote matatu yanatakiwa yakubaliane. Mfumo wa BI-RADS unaweka kwenye kundi la tano picha ambazo uwezekano wake wa kuwa saratani ni angalau asilimia 95. Sindano ikikanusha picha ya namna hiyo, inayoshukiwa kwanza ni sindano.

Tumrudie mama wa kile kichupa. Tuseme karatasi yake imefika: "Tishu ya kawaida ya titi. Hakuna seli za saratani." Binti yake ameshatoa simu kuwaarifu wa nyumbani. Daktari hajasema kitu. Amefungua picha ya ultrasaundi ya siku ile na kuangalia kivuli cheusi cha sentimita mbili, kingo zake zina miiba, kimesimama wima ndani ya titi. Anaitazama karatasi, anaitazama picha.

"Mama, karatasi hii sina ugomvi nayo," anasema. "Ila haizungumzii kitu nilichokiona mimi. Naomba turudi kitandani."